Suti ya Meneja

Jumatatu, 4 Machi

Mwanangu,

Pokea salamu za baba yako, ambaye mwili ni mzima ila roho imechafuka. Nakuombea nawe uwe mzima, mikono isiungue, macho yasiumie, na huo moto wenu ukuheshimu. Jirani yangu kinyozi anakusalimu pia. Ananiambia nikuandikie kwa upole. Nimemwambia anyoe watu, aniachie barua yangu.

Sina haja ya kuzunguka. Sungura wako amekojolea koti la mkuu wa shule.

Usidhani alipita akadondosha kwa bahati mbaya. Aligeuka, akainua mkia, akalenga. Koti lilikuwa kwenye kiti, limepigwa pasi, limebaki vifungo tu, na mwenyewe alikuwa mlangoni anapangusa viatu aingie kulijaribu. Ameona yote. Mtu mzima na miwani yake akasimama pale, akaniuliza, "Fundi, na hiyo ndiyo bitana?" Nimelifua, nimelirudia, na bado ukilisogelea unajua kuna mtu amekutangulia.

Ulipopanda lori ukaniachia huyu Meneja wako, uliniambia hana shida, anakula nyasi, analala, na kwamba kambini kwenu, huko mnakojenga daraja, kuna mbwa wa ulinzi ndiyo maana huwezi kwenda naye. Hukuniambia kuwa akishapevuka atataka kuweka sahihi yake kwenye kila kitu cha duka hili. Ameshaweka kwenye cherehani yangu, ameweka kwenye cherehani yako iliyofunikwa pale pembeni, ameweka kwenye mguu wa kinyozi. Kandambili yangu ya kushoto ameifanya mchumba. Siwezi kuivaa mbele za watu.

Daktari wa mifugo, yule binti aliyeleta sketi ipunguzwe kiuno, alimtazama akacheka. Anasema hiyo si tabia mbaya, ni ujana, na dawa yake ni kumhasi. Akishahasiwa atatulia, ataacha kurusha mkojo, na mimi nitarudishiwa kandambili yangu. Lakini ni upasuaji, na sungura ni kiumbe mwepesi kuondoka. Aliniambia hivyo hivyo bila kupamba. Ndiyo maana nakuuliza, kwa kuwa mnyama ni wako.

Kwa hiyo chagua. Ahasiwe, au aende kwa shemeji wa kinyozi, ambaye anasema anawapenda sana sungura. Sikupenda alivyolamba midomo akisema hivyo.

Nimejaribu tena simu yako. Huko bondeni mtandao hakuna kabisa, basi barua hii nampa dereva wa lori la mahitaji kama kawaida. Nijibu upesi. Mkuu wa shule anarudi.

Ni mimi,
Baba yako


Alhamisi, 7 Machi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, nakula vizuri, nalala vizuri, macho yangu yote mawili yapo. Goti lako linasemaje? Kinyozi nisalimie, na huo mguu wake umpe pole.

Barua yako niliisomea ndani ya kontena tunamokulia chakula, nikacheka mpaka msimamizi akaja kuuliza kuna nini. Nikamsomea kipande cha bitana. Sasa kambi nzima inakuuliza, koti limekauka?

Ahasiwe, Baba. Na kwa shemeji wa kinyozi asipelekwe hata kutembea.

Ila nisikufiche, naogopa. Unamwona Meneja kama mkorofi wa dukani, lakini tangu tubaki wawili nyumbani, huyo ndiye aliyenisikiliza. Nilipokuwa nasomea uchomeleaji, nikirudi jioni, wewe ulikuwa unaniuliza nimekula au sijala, basi, habari za chuo hutaki kuzisikia. Meneja alikuwa anakaa juu ya miguu yangu namsimulia yote. Anajua aina za vyuma kuliko wanafunzi wenzangu wengine. Nikimpoteza huyo sijui nitafanyaje.

Kwa hiyo nisikilize vizuri. Asifungishwe kula kabla ya upasuaji kama tunavyofungishwa watu, ale mpaka dakika ya mwisho. Akirudi, mlaze ndani, pasiwe na baridi, chini sakafuni ili asirukeruke, na mtandikie taulo safi badala ya maranda ya mbao, maana maranda yatanasa kwenye kidonda. Nyasi kavu ziwe mbele yake muda wote. Maji weka kwenye bakuli. Kidonda ukitazame asubuhi na jioni, kisivimbe wala kutoa usaha. Usimwogeshe. Na zaidi ya yote angalia tumbo: ale, na apate choo. Tumbo la sungura halijui kupumzika. Likisimama, naye amekwisha.

Mimi sina habari kubwa. Ovaroli waliyonipa ni ya mtu mwenye mabega ya mbeba mizigo. Nimekunja mikono mpaka imekuwa minene kama mto wa kulalia, na juzi cheche iliingia kwenye mkunjo ikanichoma. Kidogo tu, usishtuke. Najua ulishasema hushoni nguo ya kwenda kuunguzwa, kwa hiyo siombi. Nakupa habari.

Mbusu Meneja kichwani. Najua hutambusu. Mguse basi.

Binti yako


Alhamisi, 14 Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi. Huku ni wazima, wote wawili, na huyo wa pili ndiye niliyekaa kukuandikia habari zake. Goti linalalamika ila linatembea.

Amehasiwa jana, na amerudi.

Nilimpeleka mwenyewe ndani ya kapu la vitambaa, amekaa juu ya nyasi zake, anatafuna njia nzima. Daktari alimchukua, akaniambia nisubiri nje. Nikakaa kwenye benchi na mwenye kuku mmoja na mwenye mbwa. Mwenye mbwa akaniuliza sungura wangu ana nini, nikamwambia, kisha wanaume wote watatu tukakunja miguu.

Alipotolewa alikuwa amelegea, masikio yameanguka, hata mimi ambaye tumegombana naye tangu uondoke nilijisikia vibaya. Daktari alinionyesha kidonda. Mshono wake ni mdogo, umenyooka, hatua zinalingana, nikamsifia. Ila amefunga mafundo kwa nje. Nikamuuliza mbona mafundo nje, akasema ndivyo yanavyotakiwa ili ayafikie siku ya kuyatoa. Basi, duka ni lake.

Nimefuata yote uliyosema. Nimemlaza nyuma ya duka, chini ya cherehani yako, maana pale upepo haufiki na kile kitambaa kilichoifunika kinashuka mpaka chini kama pazia. Nimetandika taulo jeupe. Dawa ya maumivu nampa kwa bomba la sindano lisilo na sindano, pembeni mwa mdomo. Mara ya kwanza dawa yote iliishia kwenye shati langu. Mara ya pili nusu yake. Tunaelewana polepole.

Jana hiyo hiyo jioni alitafuna unyasi mmoja, akanitazama, akatafuna mwingine. Asubuhi nimekuta choo kwenye taulo. Daktari kafurahi. Kinyozi naye kaja kumjulia hali, amesimama mbali, kakunja suruali.

Tatizo moja. Anaulamba mshono. Namwambia acha, anaacha, nikigeuka anaulamba. Daktari alisema akizidisha nimpelekee amtazame. Lakini yule binti ana kazi nyingi, kila nikipita naona foleni ya mbuzi. Nina mikono, nina mkasi. Nimepata wazo.

Baba yako


Jumamosi, 16 Machi

Mwanangu mpendwa,

Mzima wewe? Mimi leo ni zaidi ya mzima. Sijafurahia kazi yangu namna hii kwa muda mrefu, na lazima nikusimulie kabla dereva hajaondoka.

Meneja nimemshonea suti.

Usicheke, ngoja usikie. Nilimpima kwa futi kama mteja yeyote, kifua, mgongo, mapaja. Alikataa kusimama wima, nikampima amekaa. Kitambaa ni kile kilichobaki kwenye koti la mkuu wa shule, kijivu, kizito, kinachotii pasi. Ndani nimeweka bitana ya pamba laini isimkwaruze. Vifungo vinapita mgongoni, ili asivifikie kwa meno. Nyuma nimemwachia tundu la haja, nimelikunja pindo safi. Na kola, mwanangu, kola ndiyo kazi yenyewe. Ni ya kusimama, na ndani nimetia kile kitambaa kigumu cha kola za mashati, safu mbili, ili shingo isigeuke kuufikia mshono. Hata akitaka hawezi.

Imemkaa! Nimeshona suti za maharusi hazikukaa hivyo.

Nimemvika jana jioni. Kwanza alisimama kama aliyesahau alikuwa anakwenda wapi, kisha akakaa, akatulia. Haulambi mshono, harukiruki, hatafuni waya wa pasi. Leo nimemweka nyuma ya kioo cha mbele na watu wanasimama kumtazama. Mama mmoja ameingia kuuliza kama nashonea na paka.

Na usafi je? Tangu avae, taulo ni jeupe vile vile nilivyolitandika. Hata kichembe! Nafikiri heshima ya nguo imemwingia.

Dereva anapiga honi. Nakukumbuka.

Baba yako


Jumapili, 17 Machi

Baba, shikamoo. Mvue.

Mvue sasa hivi, usimalize hata kuisoma barua hii, kisha rudi uisome.

Baba, taulo safi ndiyo habari mbaya kuliko zote ulizowahi kuniandikia. Sungura asiyepata choo tumbo lake limesimama. Tena kuna kitu sikukwambia kwa sababu nilidhani hutapenda kukisikia: sungura ana choo cha aina mbili. Kile kikavu anaacha. Kile laini anakila, anainama anakichukua mwenyewe kwa mdomo kikitoka, na bila hicho hapati nguvu. Kwa kola yako ya safu mbili atainamaje?

Na kutulia kwake si heshima, ni woga. Mnyama huyu akiogopa anaganda.

Mvue, mpashe joto, mpeleke kwa daktari. Usione aibu. Daktari hatakucheka, na akikucheka mwache acheke.

Dereva anasema ataondoka alfajiri. Namfungia barua hii kwenye kioo cha mbele ili asiweze kuendesha bila kuiona.

Binti yako


Ijumaa, 22 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Mimi ni mzima ila sina raha.

Barua ya Jumapili bado iko hapa hapa kambini. Usiku ule ule mvua ilinyesha juu milimani, mto ukajaa, na kivuko cha mawe ambacho lori hupitia hakionekani tena. Dereva yupo, anacheza karata na mpishi. Lori lipo, na barua yangu iko kwenye kioo, kila asubuhi napita naiona: BABA, imegeukia nje. Na juu ya mto limesimama daraja letu, upande huu na upande ule, katikati pengo. Pengo lenyewe unaweza ukarusha jiwe likavuka. Barua haiwezi.

Tunafanya kazi mpaka giza. Hakuna aliyetulazimisha. Msimamizi ana mke mjamzito ng'ambo, mimi nina sungura, kila mtu ana wake. Wenzangu wananiuliza, "Habari za mgonjwa?" nasema sijui. Sijui, Baba, hilo ndilo linaloniua. Huenda wakati huu umeshamzika nyuma ya duka na unajilaumu peke yako. Usijilaumu. Hapana, jilaumu kidogo, halafu uache.

Sasa nina muda wa kukwambia jambo ambalo Jumapili halikupata nafasi. Niliposoma ulivyompima Meneja kwa futi, kifua, mgongo, nilicheka, kisha nikalia, na kilio hicho hakikuwa cha Meneja peke yake. Umemshonea sungura kabla ya kunishonea mimi. Nimevaa ovaroli ya mtu mwingine tangu nianze kazi hii, na baba yangu ni fundi ambaye watu wanatoka mitaa mingine kumfuata. Nilipofika hapa wakaniuliza baba yako anafanya kazi gani, nilisema ni mkulima.

Basi, nimelisema. Ukiwa umekasirika, kasirika, lakini nijibu kwanza kama yu hai.

Binti yako


Jumatano, 27 Machi

Mwanangu,

Yu hai. Nimetanguliza hilo, salamu zitafuata. Yu hai, anakula, na sasa hivi ameukalia utepe wangu wa futi.

Haya, salamu. Mimi mzima, kinyozi mzima, duka zima. Barua zako mbili nimezipata leo kwa mpigo. Nami nilikuwa na barua ya kukueleza yote, niliiandika Jumapili ile ile, nikaenda nayo stendi kila siku kumtafuta dereva, wakawa wananiambia mto. Imechakaa mfukoni, ndiyo maana naandika upya.

Ilikuwa hivi. Jumamosi ile, lori lilipoondoka tu, mkuu wa shule alikuja kuchukua koti lake. Akamwona Meneja kioo cha mbele, kavaa kitambaa chake. Nilidhani atanuna. Akacheka mpaka akavua miwani, akasema huyu sasa ni mwalimu mwenzangu, ngoja nimpe posho. Akatoka, akarudi na majani ya karoti. Unajua Meneja na majani ya karoti. Akamwekea mdomoni kabisa.

Meneja hata hakunusa.

Hapo ndipo nilipotazama nyasi, nikaona ni zile zile nilizoziweka jana yake. Nikatazama taulo, lile taulo jeupe nililokuwa nimekusifia. Uliniambia niangalie tumbo. Daktari aliniambia vilevile. Niliwasikia wote wawili, lakini mimi nilikuwa natazama nguo.

Nikamkwapua, nikatoka mbio, futi shingoni, mguu wa kulia una kandambili, wa kushoto hauna, maana ile nyingine unajua hali yake. Mkuu wa shule nyuma yangu na koti lake mkononi. Kinyozi akatuona tunapita, akamwacha mteja nusu kichwa, naye akafuata.

Daktari alimpokea, akamgeuza, akagusa tumbo. Akaniambia, "Mzee, nguo nzuri sana. Mvue."

Sikuweza. Mimi, ambaye nafungua vifungo vya watu nimefumba macho, vidole vilikataa. Nikamwambia, "Kata." Akaniuliza, "Nikate?" Nikamwambia, "Kata, mama, kata katikati!" Akapitisha mkasi mgongoni, kola mpaka mkia. Sijawahi kufurahi kusikia kitambaa changu kikichanika.

Alimdunga dawa ya maumivu na nyingine ya kuamsha tumbo. Kisha akatengeneza uji wa nyasi zilizosagwa, akanionyesha namna ya kumlisha kwa bomba, kidogo kidogo, nikisubiri ameze. Na kumsugua tumbo, kwa kiganja, taratibu. Kinyozi alileta taulo zake za moto zile za kunyolea ndevu, kila moja ikipoa anakimbia kuleta nyingine. Mteja wake wa nusu kichwa naye alikuwa amefika, akashika taa. Tulikuwa wanaume wanne juu ya sungura mmoja, na daktari anatutuma.

Nilirudi naye dukani, nikakaa sakafuni chini ya cherehani yako, nikawa nalisha na kusugua. Goti sikulikumbuka. Nikawa namsemesha. Sikuwa na la kumwambia, nikamwambia habari zako, kwamba uko bondeni unajenga daraja. Akasimamisha sikio moja. Nadhani ndiyo habari alizozizoea.

Alfajiri nikakuta kitu kwenye taulo. Kimoja, kidogo, kikavu. Nilimwita kinyozi kwa sauti mpaka majirani wakafungua madirisha. Kinyozi akakitazama, akapiga makofi. Kisha kikaja cha pili, kisha vikaja kwa kundi, na mwenyewe akauvuta unyasi akaanza kutafuna kama hakuna lililotokea. Taulo likachafuka vizuri. Nimelia, nakwambia wewe tu. Kinyozi aliona lakini amesema atakaa kimya, na mimi simwamini.

Mshono umekauka, mafundo yametolewa. Harushi tena mkojo. Daktari amesema tu asikutanishwe na jike kwa wiki kadhaa bado, maana ujana hautoki wote siku ile ile. Nimemhakikishia kuwa hapa dukani hakuna jike ila kandambili.

Sasa lile la ovaroli. Nimelisoma nimesimama, nikalisoma nimekaa. Sikukasirika. Niliumia, na ilinipasa. Yale mambo ya mkulima tuyaache.

Nilikuwa nasema sitaki kushona nguo ya kuunguzwa. Nilichokuwa naogopa ni wewe kuungua, ila hilo sikulisema, nikasema la nguo. Na daraja nilidhani ni kazi ya kupitisha malori, lina wenyewe. Wiki hii nimesimama stendi kila siku na barua isiyoweza kuvuka, ndipo nikajua ni kazi gani unaifanya.

Nieleze basi, na usiruke kitu. Ukifanya kazi unasimama, unapiga magoti au unalala? Cheche zinaangukia wapi? Mkono upi unakuwa juu? Shingo unaigeuza upande gani? Unaweka nini mfukoni? Ile suti niliishona bila kumuuliza mvaaji siku yake inakwendaje, na umeona.

Baba yako


Jumapili, 31 Machi

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo sana. Mimi ni mzima, tena leo ni mzima kuliko siku zote.

Niliposoma "yu hai" nilipiga kelele kule juu ya daraja, msimamizi akadhani mkewe amejifungua. Nikawasomea wote jioni kule kwenye kontena. Waliposikia cha kwanza kimepatikana kwenye taulo walishangilia kama goli. Mpishi anamsalimu mteja wa nusu kichwa, anauliza kama amemaliziwa.

Umeuliza maswali, Baba. Hujawahi kuniuliza. Nimekaa na kalamu muda mrefu kwa furaha tu.

Basi sikiliza. Nafanya yote: nasimama, napiga magoti, na mara nyingi nalala chali chini ya boriti nikichomelea kwa juu. Hapo cheche zinanyesha kifuani na shingoni, na zinaingia popote penye tundu au mkunjo. Mkono wa kulia ndio unaoshika kishikio cha kuchomelea, unakaa juu mpaka bega linakufa ganzi, na ovaroli hii ikivutika kwapani mkono hauendi. Wa kushoto unashika chuma. Shingo naigeuza kushoto muda wote kufuata mshono. Ndiyo, Baba, na sisi tunaita mshono. Ukiutazama ukiwa umepoa una hatua hatua, na fundi mzuri hatua zake zinalingana. Nilijua kuutambua mzuri kabla sijafundishwa, kwa sababu nimekulia chini ya meza yako.

Mfukoni naweka chaki. Kama wewe.

Mto umepungua lakini hatujalegeza. Vipande vya katikati vimefika.

Mguse Meneja. Sasa najua utambusu.

Binti yako


Alhamisi, 11 Aprili

Mwanangu,

Salamu. Sisi wazima. Dereva ana haraka, barua ni fupi, maelezo yote yako ndani ya kifurushi.

Ni pamba tupu, nzito, maana nailoni ikipata cheche inanata kwenye ngozi. Hakuna pindo la nje mikononi wala miguuni, cheche zisipate pa kulala. Kwapa la kulia nimeliongezea kitambaa, inua mkono mpaka mbinguni. Magoti nimetia safu ya pili. Mifuko ina vifuniko. Mdogo wa kifuani ni wa chaki. Wa ndani, upande wa moyo, utaona mwenyewe.

Nimeishona kwenye cherehani yako. Nimeifunua, nimeitia mafuta, inakwenda vizuri. Meneja amepoteza pazia lake, akanuna, kisha akaja kulala juu ya kitambaa nikiwa nakikata. Nilikikata kwa kumzunguka. Ukikuta unyoya mweupe kwenye mshono wa pajani, hiyo ni sahihi yake, na safari hii ni kavu.

Kandambili nimerudishiwa. Naivaa mbele za watu.

Nijibu kama imekaa.

Baba yako


Jumapili, 21 Aprili

Baba yangu,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Wewe ni mzima, najua, maana dereva amenieleza kila kitu: kwamba unamwimbia Meneja ukipiga pasi, na kwamba kinyozi hakukaa kimya hata siku moja.

Kifurushi chako kimepita juu. Narudia usikie vizuri: kimepita juu ya daraja. Lori la mahitaji ndilo la kwanza kuvuka, juzi. Msimamizi alitaka tujipange kandokando tupige makofi, mimi nikashuka chini, nikasimama chini ya mshono wangu, nikasikia uzito wote ukipita juu ya kichwa changu, na haukulia hata kidogo. Dereva aliposhuka akanitupia kifurushi. Nikaivaa pale pale, juu ya nguo nyingine.

Hukunipima, Baba. Nimeondoka nyumbani muda wote huu, nimenenepa mikono, mabega yamebadilika, na imenikaa kana kwamba nilisimama mbele yako jana. Wenzangu wamenizunguka. Wameuliza imeshonwa na nani, nikasema baba yangu ni fundi cherehani. Nimelisema kwa sauti mpaka mpishi akatoka jikoni. Sasa wanne wanataka vipimo vyao viletwe kwako, na msimamizi anataka kivazi kidogo cha mtoto wake aliyezaliwa. Ni msichana.

Mfuko wa ndani nimeuona. Nimekitambua kile kitambaa cha kijivu cha suti ya Meneja, na ule mstari alipopitisha mkasi daktari, umeuunganisha kwa hatua ndogo ndogo zinazolingana. Mafundo yote yako ndani. Nimeweka humo barua yako ya "yu hai".

Nitakuja mwisho wa mwezi. Siku hizi ni safari ya asubuhi moja, hakuna mto wa kusubiri. Mwambie Meneja aniachie nafasi miguuni pako.

Umeuliza kama imekaa. Leo nimelala chini ya boriti ya pembeni iliyobaki kutwa nzima, uso juu, cheche zinanyesha, na shingo yangu imefunikwa mpaka kidevuni. Nilipotaka kuufuata mshono nikaigeuza kushoto, kisha kulia, kisha nikainama kabisa nikagusa kifua changu kwa kidevu, kwa kujaribu tu.

Kola inainama, Baba.

Binti yako